Siku Kaka Aliponitembeza Hekaluni

Kaka yangu hakunijibu swali la mama. Alinipeleka kutazama ngoma ya shaba.

Nasema hivi kwa sababu watu wa nyumbani wakisikia kwamba niliwahi kufika kwenye hekalu la kale la China, lenye mawe yaliyochongwa maandishi karne nyingi kabla ya wakati wetu, huniambia nilipata bahati. Hunitaka niwasimulie. Nami huwasimulia paa la vigae, kobe wa jiwe na misufi, kisha nabadilisha mazungumzo.

Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu, kaka na mimi, pale Tanga. Baba alifariki tukiwa wadogo. Kaka alikuwa na akili sana ya hesabu, akapata nafasi ya serikali kwenda China kusomea mitambo. Siku anaondoka mama alimfungia visheti kwenye kopo la maziwa ya unga, akalipiga kopo utepe pande zote kama kwamba lingesafiri peke yake. Kaka alimaliza masomo, hakurudi. Alisema anatafuta uzoefu kidogo. Baadaye akasema kuna kazi. Baada ya hapo hakusema tena, na sisi tukaacha kupiga simu, kwa sababu kila tulipopiga alikuwa na haraka.

Alihamia Guangzhou wakati ambao Watanzania wachache tu walikuwa wameanza kwenda kule kununua mali. Alijua lugha, hata ile ya watu wa kusini wenyewe, kwa hiyo akawa mtu wao. Aliwapokea stesheni, akawapeleka viwandani, akawasemea kwa malaoban, wale wenye viwanda, akafuatilia kontena zao hadi zipande meli. Kila mfanyabiashara aliyerudi alikuwa na salamu zake. Mzima, amenenepa, anasema Kichina kama redio. Mama alikuwa akiwakaribisha watu hao ndani, anawapikia, kisha anakaa mbele yao na kuwauliza kaka anakula nini, analala wapi, bado anakohoa wakati wa baridi? Watu baki walimwona mwanawe kuliko alivyomwona yeye.

Mimi nilikuwa na duka la nguo. Nilikuwa nikichukua mzigo Kariakoo, nikiuza Tanga, na faida ilikuwa inaishia njiani. Mwaka ule nikaamua kwenda mwenyewe. Mama alikuwa tayari na kisukari na macho yake yameanza kuingia ukungu. Asubuhi ya safari aliniita kitandani kwake.

"Usimlaumu," aliniambia. "Usimletee maneno ya watu. Muulize tu anarudi lini. Akikwambia mwaka, akikwambia mwezi, chochote atakachokwambia, mimi nitakishika hicho."

Nikamwambia nitamuuliza.

Niliingia Guangzhou kwa treni kutoka Hong Kong, mwezi wa tatu, wakati ambao kuta za mji ule zinatoa jasho na nguo hazikauki. Kaka alikuwa amesimama nje ya geti la stesheni, na kweli alikuwa amenenepa. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikumbatia, akanishika mabega akanitazama, akacheka. "Umekuwa mama mtu mzima," akasema. Nililia kidogo. Yeye alichukua begi langu akaanza kutembea.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Sina la kulalamika katika kazi, kaka alikuwa hodari. Zhongda, kwenye soko la vitambaa, alinionyesha jinsi ya kushika jora na kulivuta kona ili nijue kama litapwaya baada ya kufuliwa. Kule Xintang alinizungusha kwenye vyumba vya mashine za jinzi mpaka miguu ikavimba, na laoban aliyetaka kunipa mzigo wenye nyuzi mbovu alimsemesha kwa lugha yao kwa upole mpaka yule bwana akacheka na kuubadilisha. Nilijivunia. Lakini kila tulipoketi kula, kwenye mkahawa wa Waislamu wa tambi za kuvutwa kwa mkono, na mimi nikaanza kusema, "Kaka, mama ameniambia," peja yake, kile kidude cha kuitia watu, ililia kiunoni. Akainuka kwenda kutafuta simu. Akirudi, tambi zimepoa na mazungumzo yamekuwa mengine. Mara nyingine peja haikulia, akainuka hivyohivyo.

Nilimuuliza pia anakaa wapi. Alisema mbali, upande wa bandari, chumba kibaya, si mahali pa kumpeleka dada. Nilikaa hoteli.

Mzigo wangu ulipofika bandarini Huangpu kupakiwa, nilikuwa nimebakiza siku moja huru. Asubuhi alikuja akiwa amevaa shati safi lililopigwa pasi.

"Leo sina mteja," akasema. "Nimekuachia siku nzima. Tukishaona kontena limefungwa, nitakupeleka mahali."

Nilifurahi. Niliamini kwamba mtu akikuachia siku nzima ana la kukwambia.

Kontena lilifungwa kabla ya adhuhuri. Kutoka bandarini tulipanda teksi, na haikwenda sana. Tulishuka kwenye kijiji kilichobanwa na viwanda, dohani za kiwanda cha umeme zikiwa zimesimama juu ya mapaa, na mbele yetu kulikuwa na lango kubwa la jiwe.

"Hekalu la mungu wa Bahari ya Kusini," kaka akasema. "La kale mno. Wafalme wao walikuwa wanatuma watu kutoka mji mkuu kuja kutoa sadaka hapa, ili vyombo viende salama."

"Bahari iko wapi?"

"Ilikuwa hapa mlangoni. Imesogea."

Nilisita. Sikuwahi kuingia nyumba ya masanamu, na mama angenisikia angeniambia nisome nini kabla na nini baada. Kaka aliona. "Ni kama makumbusho," akasema. "Tazama tu. Hakuna anayekulazimisha kitu."

Tukaingia. Kulikuwa na ua baada ya ua, na katika ua wa ndani misufi mikubwa, minene kuliko misufi ya kwetu, isiyo na majani hata moja lakini imejaa maua mekundu. Maua yalianguka chini kwa kishindo, mazito kama matunda, na wanawake wazee walikuwa wakiyaokota ndani ya mifuko ya plastiki kwenda kuyakausha kwa dawa. Kaka alinitembeza kama alivyotembeza wateja. Alinionyesha jiwe refu lililobebwa mgongoni na kobe wa jiwe, maandishi yamelika kiasi kwamba ungedhani ni mvua tu imepiga. Akanieleza nani aliliagiza na kwa nini. Kulikuwa na mawe mengi ya namna hiyo, kila moja na kibanda chake, na hakunirukisha hata moja.

Kisha akazungumza na mzee mlinzi, wakataniana, na mzee akatufungulia chumba ambamo ngoma iliwekwa. Sikutarajia ingekuwa kubwa vile. Ya shaba tupu, imegeuka rangi ya kijani, uso wake umechorwa duara ndani ya duara, na ukingoni wamekaa vyura wadogo wa shaba. Kaka alisema ilikuwa ikipigwa wakati wa sadaka. Vyura ni kwa ajili ya mvua. Alinionyesha pia muhuri wa jade, jiwe lao la thamani, wa yule mungu wao, akasema huu ni mfano tu, na watu wanapenda kuupiga kwenye karatasi nyekundu wapate heri baharini.

"Mzee yule anakujua," nikasema.

"Huwa naleta wageni."

Nilikuwa nangoja. Kila tulipotoka chumba kimoja nilidhani sasa atatafuta mahali tukae. Alitafuta kitu kingine cha kunionyesha. Ndipo nikaelewa kwamba siku nzima aliyoniachia ilikuwa imejazwa tayari, asubuhi mpaka jioni, ili isibaki nafasi ya swali.

Karibu na lango la pili kulikuwa na sanamu ambayo haikufanana na nyingine. Mtu aliyevaa joho la Kichina na kofia ya ofisa, lakini uso wake mweusi, macho makubwa, pua si ya kwao. Ameinua mkono juu ya nyusi kama anayekinga jua, anatazama mbali.

"Huyu ni mgeni," kaka akasema, na hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesimulia jambo analolipenda. "Wanasema alitoka upande wa India. Chombo chao kilitia nanga hapa, akashuka kuja kuomba, akapanda miti aliyokuja na mbegu zake kutoka kwao. Akasahau wakati. Upepo ukageuka, wenzake wakang'oa nanga wakamwacha. Akawa anakuja hapa kila siku kutazama bahari mpaka akafa amesimama. Wenyeji wakamzika, wakamvika nguo zao, wakampa cheo, sasa wanamwabudu. Mgeni, mweusi, wanamwabudu. Unaona walivyomheshimu?"

"Na kwao?"

"Kwao vipi?"

"Walijua yuko wapi?"

Akacheka. "Hiyo nani ajue."

"Mama yake alitaka kujua."

Nikaona nikiacha hapo sitapata nafasi tena. Nikamwambia, "Kaka, huyu aliachwa na chombo. Wewe ndege zipo. Meli unazipakia mwenyewe kila wiki, mimi nimekuona leo. Mama haoni vizuri siku hizi. Amenituma nikuulize kitu kimoja tu, unarudi lini."

Alikuwa anatazama ile sanamu, si mimi. Mwishowe akasema, "Subiri kidogo," akanigeuzia mgongo, akaenda kwenye kibanda cha vijiti vya ubani.

Nilifikiri ananunua ili kunionyesha jinsi watu wanavyofanya. Lakini aliviwasha kwenye taa ya mafuta bila kuangalia anawashaje, akautikisa moto ukazimika ukabaki moshi, akavinyanyua kwa mikono miwili mbele ya paji la uso, akainama, akainama tena, akavichomeka kwenye majivu kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa imeshazoea. Kaka yangu, aliyenifundisha Alhamdu kwenye mkeka wa baraza yetu, akinipiga kofi dogo la mgongoni kila nilipokosea herufi. Nilijua kwamba jambo hilo sitalisema nyumbani kwa mtu yeyote maadamu mama yu hai.

Tulitoka nje. Nje ya lango watu walikuwa wamepanga meza za bidhaa kwa sababu sherehe ya yule mungu ilikuwa inakaribia, na karibu kila meza ilikuwa na kuku wa kutengenezwa, wa karatasi na udongo, waliobandikwa manyoya ya kuku wa kweli. Nyuma ya meza moja mwanamke wa makamo aliinuka alipotuona. Alizunguka meza, akampiga kaka begani, akamsemesha haraka haraka kwa ukali ule wa watu wanaopendana, akimvuta ukosi wa shati ukae sawa. Kisha akanigeukia mimi. Alinishika uso kwa mikono miwili. Alikuwa na viganja vikavu vyenye gundi.

"Anasema nini?"

"Anasema karibu," kaka akajibu.

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko karibu. Akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa picha iliyowekwa ndani ya plastiki, akanipa. Ilikuwa ya mtoto mchanga wa kike, ameketishwa juu ya mto mwekundu. Ngozi yake haikuwa yetu wala yao. Lakini paji la uso lilikuwa la mama yangu, pana, lenye ule mbonyeo wa katikati, na nilipolitazama nikashika ukingo wa meza. Yule mwanamke akamwonyesha kaka kwa kidole, akaonyesha picha, akajionyesha mwenyewe, akacheka, akanipigapiga mkono. Hakujua kwamba sijui. Alidhani dada amekuja kutoka mbali kwa ajili ya mtoto.

"Huyu ni mama mkwe wangu," kaka akasema. "Ningekwambia."

"Lini?"

"Leo. Ndiyo maana nimekuleta huku."

"Tumekuwa humo ndani tangu adhuhuri, kaka. Umeniambia habari za kobe."

Nilimuuliza mtoto anaitwaje. Alinitajia jina, la Kichina, nikashindwa kulitamka. Nilimuuliza kama ana jina lingine, nikiwa na maana ya jina la mama, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa kwanza wa kike. Akatikisa kichwa.

"Usimwambie mama," akasema. "Nakuomba. Mama yake mtoto hajasilimu, ndoa tumefunga ya serikali tu. Mama atataka niwalete. Ataanza kuita masheikh. Mwache tu."

"Nimwambie unarudi lini?"

Yule mwanamke alikuwa amechagua kuku mmoja, mwenye manyoya meupe, anamfunga kwa karatasi. Kaka alimpokea, akanikabidhi, na ilikuwa wakati huohuo, bila kunitazama, aliposema:

"Sirudi. Maisha yangu yako hapa. Mwambie vyovyote utakavyoona."

"Mwambie mwenyewe. Mpigie simu."

"Nitampigia siku ya Idi."

Nilimshukuru yule mwanamke kwa neno la Kichina nililolijua, kwa sababu yeye hakunikosea chochote. Kuku nilimwacha juu ya meza ya hoteli, mfagiaji amchukue akitaka. Kesho yake kaka alinisindikiza stesheni, akanibebea begi, akanunua machungwa ya njiani. Tuliagana vizuri. Ukituona ungesema ndugu wanapendana.

Nilimwambia mama kweli yote isipokuwa ule ubani. Nilifika Tanga mchana, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikasema kwamba hatarudi, na kwamba ana mke, na kwamba ana mtoto wa kike mwenye paji lake la uso. Nilidhani atalia. Vidole vyake viliendelea kuhesabu tasbihi, halafu akaniuliza, "Ulimuuliza vipi?"

"Kama ulivyonituma, mama."

"Labda ulimuuliza kwa ukali. Wewe una ulimi."

Nimesikia maneno mengi mabaya maishani, sokoni na kwingineko, na hakuna lililonikaa kama hilo. Mimi niliyemchoma sindano asubuhi na jioni, niliyemwosha miguu na kuikagua kati ya vidole isije ikapata kidonda, ndimi niliyemkosesha mtoto wake kwa sababu ya ulimi. Hakulisema tena, lakini hakulifuta. Baada ya hapo swali lake likawa la mtoto. Ana nywele gani? Anacheka? Nilikuwa nimeishika ile picha kwa muda mfupi, na nikamjibu nilichoweza. Alishona kofia ndogo ya kitambaa cheupe, kwa kupapasa, mishono ikapinda, akampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anaondoka. Kama ilifika hatukuambiwa.

Idi ile kaka hakupiga. Iliyofuata alipiga, mama akazungumza naye kuhusu hali ya hewa na bei ya nazi, akakata simu akiwa na furaha mpaka jioni. Alikuwa anaogopa kumuudhi. Mwaka ulipogeuka kidonda kikaingia mguuni hata hivyo, na hakukaa sana. Nilimpigia kaka kutoka hospitali nikamwambia aje. Alisema kuna mzigo wa watu bandarini, akiumaliza tu. Tulizika bila yeye.

Alikuja baada ya miezi, na mke na mtoto. Mke alikuwa mtu mpole, anayeona haya, na sina neno naye. Mtoto alitembea nyumba nzima akigusa vitu vya bibi yake. Kaka akatangaza hitima. Alichinja mbuzi, akaweka maturubai, akaalika mtaa mzima, akaketi mbele na kanzu mpya, na watu wakapanga mstari kumpa mkono wa pole. Sheikh katika maneno yake alimtaja kwa wema, kijana aliyetoka ng'ambo kuja kumwombea mzazi wake, akawaambia vijana waliohudhuria wajifunze. Watu wakaitikia amina.

Mimi nilikuwa uani na wanawake, napakua pilau. Shangazi yetu alinisogelea, akaniinamia sikioni.

"Usimnunie kaka yako," akasema. "Nimekuona tangu asubuhi. Mwenzio ametoka mbali."

Nikamwambia sawa, shangazi. Nikachukua birika na bakuli, nikatoka nje kuwanawisha wageni mikono.